Samaki wakali wa ziwa

Katika mawe ya ziwa Tanganika huishi samaki wadogo wakali. Dume hulinda jiwe lake, kwani hapo ndipo penye chakula chake. Akija mwingine humfukuza. Aliyeshindwa hukimbia mbali, na vita vimekwisha.

Watu wa Ulaya huwafuga nyumbani, ndani ya sanduku la kioo lenye maji. Humo aliyeshindwa atakimbilia wapi? Hujibana pembeni, juu kabisa. Mapezi yamepasuka, rangi imefifia, hataki kula. Asiposaidiwa atakufa.

Mfugaji mwema hupanga mawe mengi yenye mapango, ili samaki wasionane daima. Akileta wageni, kwanza huyahamisha mawe yote: basi yule mkali hajui tena mpaka wake. Na sanduku likiwa kubwa, haweki wawili tu. Huweka wengi, ili mapigo yasimwangukie mmoja.