Huruma ya Kadhi na Mizani ya Haki

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake. Ama baad:

Baadhi ya wazee wa familia zetu hapa Ixelles wameuliza: Je, huruma ni sifa ya kutazamwa anapochaguliwa hakimu wa mahakama ya juu, au huruma huiharibu hukumu?

Jawabu: Huruma inatakiwa, na mahali pake ni katika kusikiliza. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa yeye ni mwanaadamu, na huenda mmoja wa wagombanao akawa fasaha wa hoja kuliko mwenziwe, akahukumiwa kwa yaliyosikika. Basi asiye na ulimi yumo hatarini kupoteza haki yake. Kadhi mwenye huruma humsubiri mwenye kigugumizi, mjane aliyeshikwa na haya, na mgeni asiyejua Kifaransa wala Kiholanzi. Ama inapofika kupima, Sura ya Nisaa, aya ya 135, imetuamrisha uadilifu, awe mtu tajiri au fakiri. Kumpendelea fakiri kwa ufakiri wake nako ni dhulma.

Tazameni yaliyotokea nchini Ubelgiji. Mwaka 1996 hakimu wa uchunguzi Jean-Marc Connerotte, aliyeshiriki katika kuokolewa kwa wasichana wawili kutoka mikononi mwa Marc Dutroux, alihudhuria karamu ya kuwachangia wahanga. Tarehe 14 Oktoba, Mahakama ya Kasesheni ikamwondoa katika kesi hiyo. Tarehe 20 Oktoba watu wapatao 300,000 waliandamana mjini Brussels kwa huzuni na ghadhabu.

Hukumu ile si ngeni kwetu. Mafakihi wetu walikwisha kumkataza kadhi kumkaribisha mmoja wa wagombanao bila ya mwenziwe. Lakini kilio cha watu nacho kilikuwa na sababu, kwani wazazi walilalamika kuwa hawakusikilizwa. Dawa ilipatikana kwa njia ya sheria: mwaka 1998 wahanga walipanuliwa haki zao katika uchunguzi, na likaundwa Baraza Kuu la Mahakama lenye wajumbe 44, nusu yao mahakimu na nusu raia wengine, nalo ndilo hupendekeza wa kuteuliwa.

Basi, ndugu Waislamu, mnapomtafuta hakimu, au hata msuluhishi wa mke na mume, ulizeni mambo mawili. Je, humsikiliza asiyempenda mpaka amalize? Na je, huweza kumhukumu anayemhurumia, haki ikiwa si yake? Mwenye la kwanza bila ya la pili ataiuza haki kwa machozi. Mwenye la pili bila ya la kwanza atahukumu asiyoyajua.

Katika miaka yangu ya ukadhi, hukumu ninazozijutia ni zile nilizozitoa kwa haraka, kabla mnyonge hajamaliza maneno yake. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, na awaruzuku nyinyi mahakimu wenye masikio na mizani.

Wabillahi tawfiq.