Abiria Hakutaka Kubofya: Maswali na Majibu Kuhusu Matukio ya Ukurasa wa Wavuti

Kampuni moja ya mabasi ya kwenda Mbeya iliniita kwa shida ya tiketi. Abiria walikuwa wakinunua kwenye ukurasa wao kwa simu, na baadhi yao walikatwa nauli mara mbili. Mhasibu alilaumu mtandao, na meneja alilaumu abiria kwa kukosa subira. Nilipofungua msimbo, nilikuta shida yote imekaa kwenye mistari isiyozidi sita. Tangu siku hiyo somo la matukio kwenye darasa langu la jioni huanza na tiketi ile, na maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa mara nyingi zaidi.

Mwalimu, hili "tukio" ni kitu gani hasa?

Ni taarifa. Mtu akigusa kitufe, akiandika herufi, akiskroli au akifunga dirisha, wa kwanza kujua ni kivinjari. Kivinjari hutengeneza kifurushi kidogo cha maelezo: kimetokea nini, juu ya elementi ipi, wakati gani, kwa kidole au kwa kipanya. Kisha hukitangaza. Kama hakuna aliyejiandikisha kusikia, tangazo linapita na ukurasa unabaki ulivyo. Kazi yako wewe mwandishi wa programu ni kujiandikisha, yaani kukiambia kivinjari kwamba tukio la aina hii likitokea kwenye elementi hii, kiiite fankisheni fulani.

Wanafunzi wengi hukwama hapa kwa sababu wamezoea msimbo unaosomwa kutoka juu kwenda chini, kama barua. Hapa msimbo unasomwa mara moja, unaweka mambo tayari, halafu unakaa kusubiri. Konda wa daladala haamui nani ashuke wapi. Anasubiri sauti iseme "Shusha!", ndipo anagonga bodi.

Nimeona wengine wanaandika onclick palepale ndani ya HTML. Kuna ubaya?

Inafanya kazi mpaka leo, na kuna sababu ya kihistoria. Brendan Eich aliandika toleo la kwanza la JavaScript mwezi Mei 1995, kwa siku kama 10, na lugha hiyo ikawafikia watu wengi kupitia Netscape Navigator 2 mwaka 1996. Wakati huo kuandika onclick ndani ya tagi ndiyo ilikuwa njia yenyewe.

Ubaya wake ni kwamba nafasi ni moja tu. Ukiipa onclick fankisheni ya pili, ya kwanza imefutika, na hakuna atakayekuambia. Isitoshe, tovuti zenye sera kali ya usalama huzuia kabisa msimbo ulioandikwa ndani ya tagi. Tumia addEventListener, iliyoingia kwenye kiwango cha W3C Novemba 2000. Hiyo inaruhusu wasikilizaji wengi kwenye elementi moja, kila mmoja na kazi yake.

Vijana wa leo hawajui raha waliyo nayo. Internet Explorer ilikuwa na njia yake, attachEvent, na haikuikubali addEventListener hadi toleo la 9 mwaka 2011. Kwa miaka yote hiyo tuliandika kila kitu mara mbili. Ndiyo maana jQuery ilipotoka mwaka 2006 tuliipokea kama mvua baada ya kiangazi.

Mbona fankisheni yangu inajiendesha yenyewe ukurasa ukifunguka, na sijabofya kitu?

Umeweka mabano. Ukiandika hesabuNauli bila mabano, unakikabidhi kivinjari fankisheni yenyewe kiiite baadaye. Ukiweka mabano, unaiita wewe sasa hivi na kukikabidhi jibu lake. Ni tofauti ya kumpa jirani namba ya simu ya mpishi na kumpelekea wali uliokwisha kupoa.

Kama tatizo ni kinyume chake, yaani unabofya na hakuna kinachotokea, angalia kama msimbo wako ulisomwa kabla kitufe hakijakuwepo. Ongeza neno defer kwenye tagi ya skripti. Mara nyingi hapo ndipo dawa ilipo.

Turudi kwenye tiketi. Kosa lilikuwa wapi?

Makosa yalikuwa matatu, na yalikuwa yakisaidiana.

Aliyeandika ukurasa alisikiliza tukio la click kwenye kitufe cha "Lipa". Ukibofya, msimbo unatuma ombi kwa seva, seva inawasiliana na mtandao wa simu, na simu yako inaleta ujumbe wa kuingiza namba ya siri. Lakini wakati wote huo ukurasa haukuonyesha dalili yoyote. Kitufe kilibaki na rangi yake ileile. Mtu mwenye mtandao wa kuchechemea anangoja, anatazama, anabofya tena. Kila kubofya ni tukio jipya na ombi jipya. Ujumbe wa namba ya siri unaingia mara mbili, na wengine wanaijaza mara zote mbili wakidhani ile ya kwanza imegoma.

La pili ndilo lililonishangaza, kwa sababu lilimkamata hata abiria mwenye subira. Kitufe kilikuwa ndani ya fomu, na hakikuandikiwa aina. Kitufe cha namna hiyo, kwa desturi ya HTML, hutuma fomu. Kwa hiyo mtu alibofya mara moja tu, msimbo ukatuma ombi, na fomu nayo ikajituma kwa njia yake ya kawaida. Pale ombi la kwanza lilipowahi kufika kabla ukurasa haujabadilika, seva ilipokea mawili.

La tatu ni dogo. Click hutokea kabla kivinjari hakijakagua kama sehemu za lazima zimejazwa, kwa hiyo zilikuwa zinapita tiketi zisizo na jina la msafiri.

Nilibadilisha ikawa hivi:

```
fomu.addEventListener('submit', function (tukio) {
  tukio.preventDefault();
  kitufe.disabled = true;
  kitufe.textContent = 'Tunatuma...';
  tumaOmbiLaTiketi(fomu);
});
```

Tazama kinachosikilizwa. Kitufe hakisikilizwi tena, inasikilizwa fomu, na tukio ni submit. Hilo halitokei mpaka ukaguzi wa kivinjari upite, na linatokea iwe mtu amegusa kitufe au amebonyeza Enter akiwa kwenye sehemu ya jina. Mstari wa pili unakizuia kivinjari kisitume fomu kwa njia yake, maana tutaituma wenyewe. Mstari wa tatu na wa nne inamjibu abiria papo hapo.

Abiria hakutaka kubofya. Alitaka kununua tiketi. Kila unapochagua tukio la kusikiliza, chagua lililo karibu zaidi na nia ya mtu.

Ila msiniambie kazi imeisha kwa kuzima kitufe. Kitufe kilichozimwa ni adabu, kufuli liko kwenye seva. Tuliipa kila oda namba yake ya pekee tangu fomu inapofunguliwa, na seva ikiiona namba hiyohiyo mara ya pili inajibu kwa risiti ya kwanza badala ya kukata nauli upya.

Na mtu akiwa anaandika, nisikilize keydown?

Mara chache sana. Watu hubandika maandishi, huandika kwa sauti, huachia kivinjari kijaze jina lao chenyewe; hayo yote yanaweza kupita bila kitufe cha kibodi hata kimoja kubonyezwa. Kwenye Android ni balaa zaidi: kibodi ya kwenye skrini mara nyingi hurudisha namba 229 kwa herufi yoyote unayoandika, kwa hiyo hujui kilichoandikwa ni nini. Sikiliza input ukitaka kujua kila maandishi yanapobadilika, na change ukitaka kujua mtu alipomaliza. Keydown iachie njia za mkato, kama kufunga kidirisha kwa Esc.

Kwa hoja hiyohiyo, usifanye div kuwa kitufe. Inabofyeka, ndiyo, lakini anayetembea kwenye ukurasa kwa kitufe cha Tab haifikii, na Enter haiigusi. Tagi ya button inakuja na hayo yote bure.

Basi lina viti 50 na kila kiti ni kitufe. Niandike wasikilizaji 50?

Andika mmoja. Hapa daladala inarudi.

Abiria akisema "Shusha!" nyuma kabisa, sauti haiishii kwenye kiti chake. Inafika kwa konda, konda anagonga bodi, dereva anasikia. Tukio nalo hufanya hivyo: likitokea kwenye kiti, hupanda kwa mzazi wake, kisha kwa mzazi wa mzazi, hadi juu kabisa kwenye dirisha. Kwa hiyo muweke konda mmoja kwenye ramani nzima ya viti. Tukio likimfikia, anaangalia target ili kujua lilianzia wapi. Kama ndani ya kiti kuna picha au namba, target itakuwa hiyo picha, hivyo tumia closest kupanda hadi kwenye kiti chenyewe. Faida nyingine ni kwamba wakiongeza basi la viti vingine kesho, hubadilishi kitu. Konda haajiriwi upya kwa kila abiria.

Kabla ya kupanda, tukio huanza kwa kushuka kutoka dirishani hadi kwenye kiti. Safari hizi mbili ni mabaki ya ugomvi wa zamani: Netscape walitaka tukio lishuke, Microsoft walitaka lipande, na W3C wakawapa wote. Siku nyingi za kazi utahitaji kupanda tu.

Angalizo: focus na blur hazipandi. Ukiwa na konda wa namna hii, tumia focusin na focusout. Na uwe mchoyo na stopPropagation. Ukilikatisha tukio njiani, kuna mwenzako juu alikuwa analisubiri, na atatafuta kosa kutwa nzima bila kuliona.

Ukurasa wangu unaganda nikigusa kitu. Hilo nalo ni la matukio?

Mara nyingi, ndiyo. Msimbo wa ukurasa na uchoraji wake hupanga foleni moja. Fankisheni yako ikichukua sekunde nzima kupiga hesabu, kwa sekunde hiyo hakuna kinachochorwa. Tangu Machi 2024 Google hupima jambo hili katika vigezo vyake vya ubora wa kurasa: kuanzia mtu anapogusa hadi skrini inapobadilika, kizuri ni milisekunde 200 au chini. Onyesha jibu dogo kwanza, kazi nzito iahirishe. Kwa utafutaji, usiiulize seva kila herufi. Subiri mtu atulie kidogo. Na ukisikiliza touchmove au wheel bila nia ya kuzuia kuskroli, iweke passive, ili kivinjari kisikusubiri kabla ya kusogeza ukurasa.

Ile kampuni ya mabasi, shida iliisha?

Ya kukatwa mara mbili iliisha. Siku chache baadaye wakanipigia tena: kuna abiria amekwama, kitufe ni cha kijivu, kimeandikwa "Tunatuma..." tangu asubuhi. Mtandao ulikuwa umemkatikia katikati ya ombi, na mimi, mwalimu wa somo hili, nilikuwa nimesahau kuandika kwamba ombi likishindwa kitufe kirudishwe. Nikaongeza mistari miwili nikiwa nimesimama kwenye foleni ya benki, na dada wa kaunta ya kampuni akamkatia yule abiria tiketi kwa mkono.