Ukiambiwa Figo Yako Imejaa Mafuta

Ugonjwa wa leo ni wa nadra, ila jina lake likiandikwa kwenye karatasi ya picha linaweza kumnyima mtu usingizi: lipomatosisi ya figo. Si saratani.

Katikati ya kila figo kuna mafuta kidogo, ni kawaida. Figo ikiharibika polepole, nyama yake inayochuja damu husinyaa, na mafuta hayo huongezeka yakajaza nafasi iliyoachwa. Shamba lililohamwa huota magugu, lakini magugu siyo yaliyowafukuza wenyewe. Kwa hiyo usiyalaumu mawese wala chipsi. Muulize daktari: ni nini kilichoiharibu figo? Mara nyingi ni jiwe lililokaa humo miaka, pengine lenye matawi kama pembe, pamoja na maambukizi ya mkojo ya muda mrefu. Hilo ndilo la kutibiwa.

Utrasaundi peke yake haitoshi, kwani mafuta yanaweza kudhaniwa uvimbe. Picha ya CT huyatambua kuwa mafuta kweli, na jiwe huonekana pia. Mashine hizo ziko hospitali kubwa kama Charlotte Maxeke na Chris Hani Baragwanath, lakini anzia kliniki ya mtaa wako upate barua ya rufaa. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 1996 kinampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya. Kinasema kila mtu, hakisemi kila raia, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Ukirudishwa getini, andika tarehe na saa, utuletee ofisini.

Swali la pili: figo nyingine ikoje? Kipimo cha damu cha kreatinini husaidia kujua. Mtu huishi vizuri kwa figo moja nzima. Iliyokufa, isiposumbua, daktari anaweza kuiacha na kuifuatilia. Ikijaa mawe na usaha, kwa kawaida hutolewa kwa upasuaji.

Foleni ni ndefu, sitawadanganya. Unapongoja, usimeze ibuprofeni wala diklofenaki bila daktari kujua, maana zinaweza kuiumiza figo iliyobaki. Na homa ya kutetemeka yenye maumivu ya ubavuni, au mkojo kukatika, visingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi: nenda idara ya dharura siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.