KAZI YA YAYA: PATANA KWANZA, PANDA BASI BAADAYE

Kulea mtoto wa mtu mwingine ni kazi ya heshima. Mama mwajiri anapotoka asubuhi kwenda kazini, humwachia yaya kilicho cha thamani kuliko vyote vilivyomo nyumbani mwake. Wako wasichana wa Lodwar, Kakuma na vijiji vya kandokando ya barabara ambao wameipata kazi hiyo katika miji ya mbali, na kwa mishahara yao wadogo zao wamesoma. Wako pia waliorudi mikono mitupu. Mara nyingi kilichowatenga hao na hao si bidii, bali ni mapatano waliyofanya, au wasiyofanya, kabla ya kuondoka kwao. Somo letu la leo lahusu jambo hilo.

Kwa nini kabla ya safari?

Tazama kwanza urefu wa njia. Kutoka Kakuma mpaka Lodwar ni karibu kilomita 120. Kutoka Lodwar mpaka Kitale, kwa kupita Lokichar, Kainuk na Kapenguria, ni karibu kilomita 300 nyingine. Na kutoka Kitale mpaka Nairobi bado kuna safari ndefu. Msichana aliyetumiwa nauli ya kwenda tu, akafika usiku katika mji asimomjua mtu, hana tena nafasi ya kupatana. Akiambiwa mshahara umepunguzwa, atakubali. Akiambiwa watoto si wawili bali ni wanne, atakubali pia, kwa kuwa hana pa kulala wala nauli ya kurudi. Lakini yule aliye bado kwa mama yake aweza kusema "La", akalala salama. Nguvu ya kupatana iko huku nyumbani. Haipandi basi pamoja nawe.

Tuseme msichana ameahidiwa shilingi 8,000 kwa mwezi. Dalali achukua mshahara wote wa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili mwajiri akata shilingi 3,000 za nauli. Baada ya miezi miwili ya kazi, mkononi mwake mna shilingi 5,000 tu, na nyumbani wanangoja. Kama angelijua hayo mapema, huenda angelikubali, huenda angelikataa. Lakini angelichagua mwenyewe.

Ni nani anayekutafutia kazi?

Wengi hupata kazi kwa njia ya ndugu au jirani. Njia hiyo ni njema, lakini hata shangazi aweza kuulizwa maswali bila kuvunjiwa heshima. Zungumza kwa simu na mwajiri mwenyewe, wala usiridhike na maneno ya mjumbe. Pata jina lake kamili, mtaa wake na namba ya nyumba yake. Omba kusema na yaya aliyetangulia. Mwajiri mwenye nia njema hatakasirika, maana naye ataka kujua wewe u nani. Mpe jina la mwalimu, chifu au kiongozi wa dini akufahamuye vema.

Wakala wa kazi apaswa kuandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mwombe akuonyeshe hati yake. Mtu adaiye fedha bila kutoa risiti, au asemaye, "Usiwaambie wazazi," huyo jiepushe naye. Kumdanganya mtu ili apelekwe mahali akanyonywe ni kosa kubwa chini ya Sheria ya Kupambana na Biashara ya Binadamu ya mwaka 2010.

Mambo ya kupatana

1. Mshahara ni kiasi gani, utalipwa tarehe gani, na kwa njia gani? Yafaa utumwe kwenye simu yako mwenyewe, wala usipitie kwa mtu mwingine.
2. Watoto ni wangapi, na wana umri gani? Kupika na kufua ni kazi yako pia?
3. Utalala wapi? Chumba kina mlango wa kufungwa?
4. Siku yako ya mapumziko ni ipi?
5. Nauli ya kwenda italipwa na nani? Kama ni mkopo, utakatwa kiasi gani kila mwezi?
6. Kazi isipofaa, nauli ya kurudi itatoka kwa nani?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mkishapatana, andikeni. Kama mapatano yatumwa kwa simu, usiyafute.

Sheria yasemaje?

Mtumishi wa nyumbani ni mfanyakazi kama wengine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaagiza kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na ni wajibu wa mwajiri kuuandaa. Mfanyakazi asiyejua kusoma hana budi kuelezwa mkataba huo kwa lugha anayoifahamu. Sheria hiyo yampa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kila baada ya miezi 12. Anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa. Naye akitaka kuacha, atoe notisi vivyo hivyo.

Kuhusu mshahara, amri iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024 iliweka kiwango cha chini cha yaya katika Nairobi na Mombasa kuwa zaidi kidogo ya shilingi 16,100 kwa mwezi. Miji mingine ina viwango vyake, na viwango hubadilishwa mara kwa mara. Kwa hiyo muulize afisa wa kazi kabla hujakubali. Wengi hulipwa chini ya hapo kwa sababu hawakujua kwamba kiwango kipo.

Siku ya kuondoka

Waachie wazazi jina la mwajiri, simu yake na mahali anapokaa. Patana nao siku ambayo utapiga simu kila juma. Chukua kitambulisho chako: mwajiri aweza kufanya nakala yake, lakini hana haki ya kukizuia. Weka nauli ya kurudi mahali unapopajua wewe peke yako, wala usiitumie kwa jambo jingine.

Mkimbizi akaaye Kakuma au Kalobeyei na apate kwanza ruhusa ya kusafiri katika ofisi ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, na kuuliza huko habari za kibali cha kazi. Akikamatwa njiani bila hati, hata mwajiri mwema hataweza kumsaidia kwa urahisi.

Na kwa wazazi twasema hivi: msichana ambaye bado ni mtoto mahali pake ni shuleni. Asitumwe kulea watoto wa wengine, hata mwombaji akiwa ni ndugu. Mtu akimwona mtoto anateswa kazini, apige simu 116 bila malipo.

Maswali ya kujipima

Msomeeni msichana anayetaka kuondoka maswali haya, naye ajibu mwenyewe.

1. Taja jina la mwajiri wako na mtaa anaokaa. Umesikia sauti yake?
2. Baada ya makato yote, utapokea shilingi ngapi mwezi wa kwanza? Na mwezi wa pili?
3. Mapatano yenu yameandikwa wapi?
4. Ukitaka kurudi nyumbani kesho, nauli iko wapi?

Asiyeweza kujibu swali la nne, na angoje basi la juma lijalo.