Dondoo muhimu: Visiwa vya Ziwa Victoria kutoka Musoma kwa siku tatu

Siku tatu zinatosha kisiwa kimoja, si viwili. Kilicho karibu na Musoma ni Lukuba: miamba mikubwa, furukombe, wavuvi. Patana na mwenye boti jana yake na muondoke alfajiri, kwani mchana upepo ukianza ziwa huchafuka na mawimbi hurusha maji hadi mapajani. Vaa jaketi la kujiokolea, ufunge kamba zote kabla injini haijawashwa. Likikosekana, au abiria wakizidi, shuka, hata kama umeshalipa. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaa kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 220.

Ukerewe ni safari nyingine: basi hadi Bunda, kisha Kisorya, uvuke kwa kivuko hadi Rugezi. Lala Nansio, kwenda na kurudi siku moja ni kujichosha bure.

Kuoga kwenye maji yaliyotuama yenye magugu, acha kabisa. Kichocho kipo.

Butiama, kwenye makumbusho na kaburi la Mwalimu Nyerere, iweke siku ya mwisho. Ziwa likikuzuia kisiwani, utakuwa na siku ya akiba.