KOMPYUTA INAITA, MTU ANASIKILIZA

Wengi wetu tumepata kuiona redio kol ya zahanati au ya misheni. Mtu anabonyeza kitufe, anasema, akiachia, anasikiliza. Leo tujifunze habari za watu wanaotumia redio za namna hiyo kwa kupenda tu, bila malipo. Redio zao huitwa redio za ridhaa, na ni lazima wawe na leseni.

Watu hawa wana mashindano yao. Mojawapo ni CQ World Wide, yaliyoanza mwaka 1948. Yale ya kusema kwa sauti hufanyika mwisho wa wiki mmoja wa Oktoba, saa 48 mfululizo. Kwetu Afrika Mashariki yanaanza saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi. Mshindani huita "CQ, CQ", yaani naita kituo chochote, kisha hutaja alama ya kituo chake. Alama za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z. Akijibiwa, wanapeana namba ya usikivu na namba ya kanda. Sisi tumo kanda ya 37.

Haya, tufanye hesabu. Ukiita mara 2 kwa dakika, kwa saa moja umeita mara 120. Kwa saa 10 ni mara 1,200! Koo gani litastahimili? Ndiyo maana wengi wanaiachia kompyuta iite.

Inafanyaje kazi?

Kwanza, mtu anarekodi sauti yake kwenye kompyuta, sekunde chache tu. Pili, anaunga kompyuta na redio kwa waya. Waya unapeleka sauti, na pia unapeleka amri. Akibonyeza kitufe kimoja, programu inaiamuru redio irushe. Sauti ikiisha, inaiamuru iache, na redio inarudi kusikiliza. Tena kompyuta inasoma masafa kwenye redio na kuyaandika yenyewe katika daftari la mashindano.

Mambo ya kuangalia

1. Sauti isizidi. Ikizidi inakwaruza na kuwasumbua jirani kwenye masafa. Ijaribiwe mapema.

2. Kipaza sauti kisiwe wazi wakati kompyuta inaita. La sivyo, hata kikohozi kitarushwa.

3. Mawimbi ya redio yakiingia kwenye waya, kompyuta inaweza kuganda na redio ikabaki inarusha tu. Mtu asiwe mbali. Awe tayari kuizima.

4. Nafasi ya kusikiliza itoshe. Programu inaweza kurudia kuita yenyewe kila baada ya sekunde chache. Basi fikirini kituo kidogo cha betri, waya wake umetundikwa mtini. Kinajibu, kinafunikwa. Kinajibu tena, kinafunikwa tena. Mwisho kinakwenda zake, na aliyeita hajui kilichompita.

Hapo ndipo penye somo letu. Mashine imepewa kazi ya kuita ili sisi tupate nguvu ya kusikia. Baada ya mashindano, wasimamizi hulinganisha madaftari. Ukikosea alama ya mwenzako, pointi zinafutwa, hata kama sauti yako ilikuwa tamu namna gani.

Maswali

1. Waya wa kompyuta na redio unapeleka vitu gani viwili?

2. Kwa nini kituo hafifu kinaweza kufunikwa?

3. Mtu akiita mara 3 kwa dakika, ataita mara ngapi kwa saa 8?