Qur'ani kwa Kalamu ya Padre

Ndugu zetu wasomaji, ikitajwa kazi ya wamishionari kati yetu, aghalabu hutajwa shule zao na hospitali zao. Hayo yajulikana. Somo letu la leo ni juu ya kitabu.

Mwaka 1923 padre Godfrey Dale, wa misheni ya Kiingereza ya UMCA iliyokuwako Unguja tangu 1864, alitoa tafsiri ya Qur'ani nzima kwa Kiswahili, akatia na maelezo yake. Hiyo ndiyo tafsiri kamili ya kwanza katika lugha yetu. Na tulizingatie jambo hili: lugha waliyoitungia tenzi masheikh wetu karne kwa karne, Kitabu chetu kilitangulia kufasiriwa ndani yake na mtu asiyekiamini!

Wako wanaomtukana padre huyo. Sisi hatuoni faida. Yeye alitumikia dini yake, akajifunza Kiarabu na Kiswahili, akaketi akaandika. Linalotupasa kuuliza ni hili: Muislamu asiyejua Kiarabu, akitaka kufahamu aya alizozisoma alfajiri, mbona hakuwa na kitabu kingine cha kufungua? Katika wanavyuoni wetu walikuwamo waliochelea kwamba kufasiri kutaharibu maana. Khofu hiyo haikuwa ya upuuzi. Lakini wao hawakuandika, na padre aliandika.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliutambua upungufu huu. Alitoa Al-Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, ili hata mtu wa sokoni afahamu dini yake. Akaanza na tafsiri. Mauti yakamfika mwaka 1947 hajaitimiza. Mwaka 1953 ikatoka tafsiri nyingine kamili, nayo ni ya jamaa wa Ahmadiya. Ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy haikutimia mpaka 1969. Tangu ile ya Dale ni miaka 46. Aliyezaliwa mwaka ule alikwisha kuoza watoto.

Kwa hiyo kijana akijiwa na padre akaulizwa maana ya aya, asijibu kwa ukali, wala asikimbie. Sura ya An-Nahl, aya ya 125, yatufundisha adabu ya kujadiliana, nayo yataka mtu ajue asemalo. Darasa ijayo tutaisoma aya hiyo kwa Kiarabu, kisha kwa tafsiri ya Sheikh Farsy. Mwenye nakala na aje nayo, na kina mama pia wamewekewa nafasi.